Kusafiri kwa Ndege Ukiwa na Mafua: Hesabu Muda Kuanzia Kutua

Ukiwa na mafua, saa ngumu kuliko zote ndani ya ndege si ile ya kupaa. Ni nusu saa hivi ya mwisho, ndege inapoteremka kwenda kutua. Hapo ndipo masikio yanapoziba, paji la uso linapochoma, na mtoto wa kiti cha nyuma anapoanza kulia bila mama yake kujua anaumwa nini. Wasafiri wengi humeza vidonge asubuhi wakitoka nyumbani, wakalala njiani, wakaja kuamshwa na maumivu wakati dawa imeshaisha nguvu. Mwongozo huu unapita njia nyingine: tunaanza na saa ya kutua, kisha tunahesabu kurudi nyuma, ili dawa, maji na usingizi vyote viangukie mahali pake.

Kinachotokea sikioni

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba kidogo chenye hewa. Kichumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 3 na nusu hivi. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la tabibu wa Italia wa karne ya 16, Bartolomeo Eustachi. Muda mwingi mrija huu umejifunga. Unapomeza mate au kupiga mwayo hufunguka kidogo, hewa ikapita, nawe ukasikia mlio mdogo wa "tik".

Ndege kubwa za abiria huruka kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000, lakini ndani yake hewa hugandamizwa ili mwili ujisikie kana kwamba uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ndege ikipaa, hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka, hata kwa theluthi moja ya ujazo wake. Hewa inayotanuka hujitafutia njia ya kutoka, na mara nyingi huipata hata kama pua imevimba. Ndege ikishuka mambo yanageuka. Mgandamizo wa hewa ndani ya kabini unapanda, hewa ya ndani ya sikio inabaki hafifu, na ngoma ya sikio inavutwa kuelekea ndani. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, kunywa nusu ya chupa ya plastiki ya maji ndege ikiwa juu, ifunge vizuri, kisha itazame baada ya kutua. Utaikuta imebonyea ubavuni. Ngoma ya sikio nayo inavutwa vivyo hivyo, na dawa yake ni moja tu: mrija ufunguke uingize hewa.

Mafua huvimbisha kuta za mrija na kuujaza ute. Ukichelewa kuufungua, mgandamizo wa nje unazidi kuubana, na ikifika hapo hata kumeza mate hakusaidii tena. Vivyo hivyo kwenye sainasi, yale mapango ya hewa yaliyo ndani ya paji la uso na mashavu. Vitundu vyake vikizibwa na kamasi, ndege ikishuka utahisi kama unachomwa kisu juu ya jicho, au maumivu yanayoshuka hadi kwenye meno ya juu.

Hatua ya 1: Amua kama unasafiri kweli

Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na kwa wengi siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya zaidi kwa kuziba pua. Safari ikiweza kusogezwa mbele kwa siku 3 au 4 tu, mara nyingi unapata nafuu kubwa pasipo dawa yoyote. Kwa hiyo tazama kalenda kwanza, famasia baadaye. Pigia simu shirika la ndege uulize masharti ya kubadili tarehe. Kama una bima ya safari, uliza kama watahitaji barua ya daktari, na uipate kabla ya ndege kuondoka.

Siku ya safari, saa chache kabla ya kutoka nyumbani, jipime hivi. Penga kamasi taratibu, tundu moja baada ya jingine. Bana pua kwa vidole, fumba mdomo, meza mate. Masikio yote mawili yakifanya "tik", mirija inafunguka, na una nafasi nzuri ya kufika salama ukifuata hatua zilizo hapa chini. Sikio moja likikaa kimya, pulizia dawa ya kuzibua pua, subiri dakika 20, jaribu tena. Likiendelea kukaa kimya hata baada ya dawa, mimi ningeahirisha. Sikio lililokataa kufunguka ukiwa umetulia sebuleni haliwezi kutegemewa wakati kabini inashuka kwa kiasi cha mita mia moja kila dakika.

Kuna hali ambazo hazihitaji kujipima. Usipande ndege kabla ya kuonana na daktari ikiwa una homa ya nyuzi 38 au zaidi, sikio linauma sana au linatoa usaha, uso umejaa na unauma hasa ukiinama, unapumua kwa shida, au umefanyiwa upasuaji wa sikio, pua au sainasi hivi karibuni. Kipimo kikionyesha una UVIKO-19 au homa ya influenza, hayo si mafua ya kawaida tena na hupaswi kukaa katikati ya watu. Shirika la ndege nalo lina haki ya kumzuia abiria anayeonekana mgonjwa, na ni afadhali uamuzi huo uufanye wewe nyumbani kuliko kufanyiwa mlangoni pa ndege.

Marubani hufundishwa kutorusha ndege wakiwa na mafua mazito, kwa sababu hizi hizi za masikio na sainasi. Abiria hashiki usukani, lakini masikio ni yaleyale.

Wafikirie pia watakaokaa karibu nawe. Mwenye mafua huambukiza zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo. Ni kweli kwamba ndege nyingi kubwa zina vichujio vya HEPA, vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikroni 0.3, na hewa ya kabini hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Lakini chafya yako inamfikia jirani kabla haijafika kwenye kichujio. Jirani huyo anaweza kuwa anatibiwa saratani, au ana mimba changa, na hana sababu ya kukueleza.

Hatua ya 2: Tiketi, kiti na begi

Kwa masikio, kinachohesabika ni mara ngapi utatua, wala si saa ngapi utakaa angani. Safari ya saa 9 moja kwa moja ni nafuu kuliko ya saa 6 yenye kuunganisha ndege mahali pawili, maana ile ya kwanza ina mteremko mmoja na hii ina mitatu. Kama una uwezo wa kuchagua, chagua ya moja kwa moja. Kama lazima uunganishe, acha saa kadhaa katikati ili masikio yatulie kabla ya kupanda tena.

Unakotua nako kunahusika. Uwanja wa Bole wa Addis Ababa uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na hali ya ndani ya kabini, kwa hiyo ukitua pale masikio hayasumbuki sana. Schiphol wa Amsterdam uko chini kidogo ya usawa wa bahari; pale sikio linaubeba mteremko wote. Aina ya ndege pia inaleta tofauti ndogo: Boeing 787 na Airbus A350 zimeundwa ili kabini isizidi hali ya mita 1,800 hivi, na hivyo mabadiliko ya mgandamizo yanapungua.

Kuhusu kiti, safari fupi nachagua dirishani. Pale una jirani mmoja tu na watu hawapiti wakikugusa. Safari ndefu chukua kiti cha kando ya njia, kwa kuwa utakunywa maji mengi na utahitaji choo na mahali pa kupenga kamasi bila kumwamsha mtu.

Vitu hivi viwe kwenye begi la mkononi, tena kwenye mfuko mdogo utakaokaa miguuni pako, maana wakati wa kushuka huruhusiwi kusimama kufungua kabati la juu:

- tishu nyingi kuliko unavyodhani zitatosha, na mfuko mdogo wa plastiki wa kutupia zilizotumika
- barakoa za hospitali 3 au 4, kwani moja hulowana haraka mtu akiwa na mafua
- chupa ndogo ya maji ya chumvi ya kupulizia puani
- dawa ya kuzibua pua na dawa ya maumivu, vikiwa kwenye maboksi yake
- pipi au chingamu
- kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi
- chupa tupu ya maji, utakayoijaza ukishapita ukaguzi

Viwanja vingi bado vinazuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwa chupa. Dawa kwa kawaida zinaruhusiwa kuzidi hapo, lakini lazima uzitoe na kuzionyesha mwenyewe. Kuna pia vizibo vya masikio vyenye kichujio kidogo kinachopunguza kasi ya mabadiliko ya mgandamizo. Vinawasaidia baadhi ya watu, hasa ambao masikio yao ni mazito siku zote, ila visikufanye uache mengine. Huvaliwa saa moja hivi kabla ya kutua na havivuliwi hadi mlango wa ndege ufunguliwe.

Hatua ya 3: Dawa, na saa yake

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mara nyingi kosa si dawa bali saa waliyoitumia.

Dawa za kupulizia puani zenye oksimetazolini au zailometazolini huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache na hudumu kwa saa nyingi, oksimetazolini hadi saa 12. Ndizo ninazozipendekeza kwanza kwa mtu mzima, kwa sababu zinafanya kazi palepale pua ilipovimba na haziingii sana mwilini. Pulizia nusu saa hadi saa moja kabla ndege haijaanza kushuka. Kama safari yote haizidi saa 3, kupulizia mara moja kabla ya kupanda kunaweza kutosha.

Namna ya kupulizia ina maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Penga kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, kana kwamba unasoma kitabu kilicho mapajani. Usikirudishe nyuma, dawa itateremkia kooni. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Mikono ikipishana hivyo, ncha ya chupa inaelekea upande wa nje, kwenye jicho na sikio, badala ya kugonga ukuta wa katikati ya pua, ambao hutoka damu kwa urahisi. Bonyeza huku ukivuta hewa taratibu. Usivute kwa nguvu. Ukionja uchungu kooni, dawa imepita mahali ilipotakiwa kubaki. Subiri dakika 5, kisha rudia ikiwa maelekezo ya boksi yanaruhusu. Zisitumike zaidi ya siku 3 mfululizo. Ukizidisha, pua huzoea na kuvimba upya kila dawa inapoisha, na hali hiyo ni ngumu kuliko mafua yenyewe.

Vidonge vyenye pseudoefedrini navyo vinazibua, ila vinapandisha mapigo ya moyo na presha. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, figo, presha ya macho au shida ya tezi dume asivitumie bila daktari, na mjamzito vilevile. Chagua kimoja, kidonge au cha kupulizia. Usitumie vyote viwili bila kumuuliza mfamasia. Soma pia jina la dawa kwenye boksi. Dawa nyingi za mafua za vidonge zina finilefrini badala ya pseudoefedrini. Mwaka 2023 jopo la wataalamu linaloishauri mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilikubaliana kwamba finilefrini ya kumeza haizibui pua, na mwaka uliofuata FDA ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za aina hiyo. Ukiitegemea hiyo kwa mteremko, umejitegemea bure.

Vidonge vya mchanganyiko vya mafua mara nyingi vina parasetamoli ndani yake. Mtu huvimeza, kisha kichwa kikiuma anaongeza parasetamoli nyingine bila kujua amerudia dawa ileile. Kwa mtu mzima kikomo ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha vyote. Wengi wa vidonge hivyo vya mchanganyiko huleta pia usingizi mzito. Usingizi si mbaya katikati ya safari, lakini mtu aliyelala hamezi mate mara kwa mara, na ndege ikianza kushuka akiwa hivyo masikio yanajifunga bila yeye kujua.

Kabla ya kuvuka mpaka, angalia sheria za dawa za nchi unayokwenda na unazopitia. Japani hairuhusu kuingia na dawa zenye pseudoefedrini inayozidi asilimia 10. Falme za Kiarabu zinadhibiti dawa zenye kodeini, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, na zinahitaji kibali. Dawa inayouzwa wazi kwenu inaweza kukuingiza matatani ugenini.

Sasa tuhesabu. Tuseme ndege inatua saa 1:00 asubuhi kwa saa za huko uendako. Itaanza kuteremka saa 12:30 hivi. Kengele ya simu ilie saa 11:15 alfajiri: unaamka, unakwenda choo, unapenga, unapulizia maji ya chumvi na kupenga tena. Saa 11:40 unapulizia dawa ya kuzibua. Kama masikio yanauma tangu awali, parasetamoli imezwe muda huohuo. Saa 12:15 maji na chingamu viko mkononi. Kabla ya hapo, usiku kucha ni wako, lala. Andika saa hizi kwenye karatasi au kwenye simu kabla ya kuondoka. Ndege ikichelewa, sogeza zote kwa muda uleule uliochelewa. Kioo cha mbele ya kiti mara nyingi kinaonyesha muda uliobaki, na pasipo kioo mhudumu atakuambia.

Hatua ya 4: Ukiwa juu

Hewa ya kabini ni kavu, unyevu wake kwa kawaida haufiki asilimia 20, na kamasi hukauka na kuganda. Kunywa maji kidogo kidogo safari nzima. Pulizia maji ya chumvi kila baada ya saa moja au mbili. Haya hayana kikomo kama ile dawa ya kuzibua. Pombe iache, maana inakausha mwili na kuvimbisha utando wa pua. Soda zenye gesi zinajaza tumbo ambalo tayari limetanuka kwa sababu ya kimo.

Vaa barakoa muda wote usipokula wala kunywa. Inamlinda jirani, na pia inarudisha puani unyevu wa pumzi yako, jambo ambalo koo lako litashukuru. Chafya ikikukuta bila barakoa, pigia kwenye kiwiko. Tishu zilizotumika ziende kwenye mfuko wako, zisiwekwe kwenye mfuko wa kiti ambako abiria wa safari ijayo atatia mkono. Ukimwambia jirani mapema kwamba una mafua na umejitahidi kujikinga, kwa kawaida atakuelewa, na akitaka kuhama ataomba.

Mweleze pia mhudumu, kwa maneno machache tu: "Nina mafua, masikio yananisumbua wakati wa kutua. Naomba uniamshe kabla ya kuanza kushuka, na chupa ya maji ikiwezekana." Wamezoea ombi hili.

Hatua ya 5: Kushuka

Usisubiri tangazo. Dalili ya kwanza ni sauti: mngurumo wa injini unapungua ghafla, pua ya ndege inainama kidogo, na unaanza kuhisi sikio limejaa. Anza hapo hapo, hata kama hakuna maumivu bado. Kukiwa na maumivu tayari umechelewa, ingawa si bure kujaribu.

Fanya mambo haya kwa mpangilio, kuanzia lililo laini zaidi. La kwanza ni kumeza. Kunywa funda dogo la maji kila baada ya nusu dakika, au tafuna chingamu ili mate yaje. La pili ni mwayo: fungua mdomo wazi, sukuma taya la chini mbele, lizungushe kidogo. Hata mwayo wa kulazimisha unafungua mrija. La tatu ni lile ulilojipimia nyumbani, kubana pua na kumeza mate mdomo ukiwa umefumbwa. Kwa mwenye mafua nalipenda hili kuliko la kupuliza, kwa sababu halisukumi kamasi kuelekea sikioni.

Yote matatu yakishindwa, ndipo unapuliza, njia aliyoieleza Antonio Maria Valsalva wa Italia mwaka 1704. Penga kwanza hadi pua iwe tupu kadiri inavyowezekana. Bana pua, fumba mdomo, mashavu yasitutumke, kisha sukuma hewa polepole kuelekea puani kwa sekunde 2 au 3. Nguvu isizidi ile unayotumia kupenga kamasi siku za kawaida. Ukisikia "tik", acha. Usirudie hadi sikio lijae tena. Pasipotokea kitu, pumzika, meza maji, inamisha kichwa ili sikio lililoziba lielekee juu, ujaribu mara moja zaidi. Kupuliza kwa nguvu kwa kuwa umekata tamaa kunaweza kuumiza ngoma ya sikio na hata sikio la ndani. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyefanyiwa upasuaji wa macho karibuni, asitumie njia hii.

Rudia mzunguko huo hadi magurudumu yaguse ardhi. Ni dakika 20 hadi 30 za kazi ya kweli, kwa hiyo wakati huo usisome, usivae vizibo vya muziki, usizungumze na simu yako. Abiria wengine watashauri uweke vikombe vyenye karatasi zilizoloweshwa maji ya moto masikioni. Kataa kwa upole. Joto la namna hiyo halifungui mrija, na watu wameungua masikio kwa njia hiyo.

Maumivu yakiwa ya paji la uso au mashavu badala ya sikio, kumeza hakutasaidia. Pulizia maji ya chumvi, usipenge kwa nguvu, tulia. Kamasi yenye damu kidogo baada ya kutua ni kawaida kwa sainasi zilizobanwa.

Watoto

Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo huziba kwa urahisi. Mtoto hajui kumeza kwa makusudi. Kazi hiyo unamfanyia wewe. Mbakizie njaa kidogo, kisha mnyonyeshe au mpe chupa wakati ndege inashuka, akiwa ameinuliwa kichwa. Akiwa amelala, mwamshe. Najua ni vigumu kumwamsha mtoto aliyelala baada ya saa nyingi za kumbembeleza, lakini usingizi huo utakatizwa na maumivu dakika chache baadaye. Kulia kwenyewe kunafungua mirija, kwa hiyo kilio cha kutua kisikutie hofu wala aibu.

Maji ya chumvi puani ni salama kwa umri wote. Parasetamoli ya maji inaweza kutolewa nusu saa kabla ya kushuka, kwa kipimo cha uzito wake kama daktari alivyoelekeza. Dawa za mafua za watu wazima, za kumeza na za kupulizia, asipewe mtoto wa chini ya miaka 6 bila daktari. Asipirini asipewe mtoto kabisa. Pipi ngumu na chingamu ni za watoto wakubwa wanaojua kutafuna bila kupaliwa. Wa chini ya miaka 4 wape kinywaji cha mrija.

Ukipanda ndege ndogo

Baadhi ya ndege ndogo za propela hazigandamizi hewa ndani. Zinaruka chini zaidi, lakini sikio linapokea kimo chenyewe, pasipo kupunguziwa. Mweleze rubani kabla ya kuondoka kwamba una mafua. Tofauti na rubani wa ndege kubwa, yeye mara nyingi anaweza kushuka polepole zaidi, au hata kusawazisha ndege kwa muda ili masikio yako yafunguke kabla ya kuendelea kushuka.

Baada ya kutua

Sikio kubaki limejaa kwa saa kadhaa, hata siku chache, ni jambo la kawaida. Endelea kumeza, kupiga miayo na kubana pua ukimeza mate mara kadhaa kwa siku. Maji ya chumvi yaendelee, na dawa ya kuzibua pua pia ikiwa siku 3 hazijaisha.

Kama maumivu yalikuwa makali kisha yakakoma ghafla, na sikio likatoa majimaji au damu, huenda ngoma imetoboka. Mara nyingi hujiponya yenyewe ndani ya wiki chache, lakini daktari aione. Hadi hapo usiingize maji wala matone yoyote sikioni, na usiogelee. Sikio likipoteza usikivu ghafla, au dunia ikakuzunguka, au mvumo mkali ukaanza na hauishi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sikio la ndani likiumia, matibabu yanayoanza mapema ndiyo yenye matumaini zaidi. Ukiwa na homa mpya, usaha, au ujazo usiopungua baada ya wiki, nenda pia.

Kama una ndege nyingine ndani ya siku hizo, jipime tena kwa kubana pua na kumeza kabla ya kwenda uwanjani. Kama ulikwenda kwa ajili ya kupiga mbizi, subiri hadi masikio yote mawili yafunguke bila dawa na bila nguvu, kwa sababu mita 10 tu chini ya maji mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, badiliko kubwa kuliko lolote utakalokutana nalo ndani ya kabini.